Sifuri ya njano kwenye tenki la mama

Mwezi uliopita kale kamtambo ka kuwasha na kuzima pampu nilikomfungia mama kwenye tenki la maji kalianza vituko, alfajiri pampu inagoma kabisa, ikifika saa tatu asubuhi inapiga kazi kama hakuna kilichotokea, na mama naye simu haiachi, "mwanangu, hili dude lako limelala tena". Nikabeba laptop nikaenda kulala kwake.

Ndani kuna Arduino Uno, kale kabodi kadogo kanakoendesha programu niliyoiandika, sensa ya HC-SR04 imening'inia juu ya tenki inapima maji yako umbali gani, na rilei, yaani swichi ya umeme ya kuwasha na kuzima pampu, basi. Nikachomeka waya nikaanza kuangalia logi, yaani mistari ya taarifa ambayo bodi inaituma kwenye laptop, umbali: 84, umbali: 84, umbali: 85, mistari inashuka kama mvua ya masika, yote nyeupe, dakika tano tu macho hayasomi tena yanaangalia tu.

Ndo nikakumbuka kumbe terminali, lile dirisha la maandishi kwenye laptop, inaelewa rangi, na wala sio mambo mapya, VT100, terminali ya zamani ya 1978, ilishakuwa inapokea amri za mtindo huohuo japo kioo chake hakikuwa na rangi. Unatuma baiti namba 27, kwenye kodi ya C unaiandika \033, afu mabano ya mraba, namba ya rangi, na herufi m. 31 nyekundu, 32 kijani, 33 njano, 0 inarudisha kawaida. Hakuna laiburari ya kushusha wala nini:

Serial.println(F("\033[33mW umbali: 0\033[0m"));

Hiyo F usiiache, Uno yangu ina RAM, memori ya kufanyia kazi, ya KB 2 tu na bila F maneno yote yanaenda kukaa humo. Na ile 0m ya mwisho mi niliisahau mara ya kwanza, terminali nzima ikawa njano mpaka nilipoifunga. Monita ya Arduino IDE, ile programu ya kuandikia kodi, nayo ilinitemea [33m kila mstari badala ya rangi, nikahamia picocom, programu inayosoma bodi ndani ya terminali, wa Windows tumieni PuTTY.

Basi nikaweka njano kwa kila kipimo cha ajabu, laptop nikaiacha wazi, nikalala kwenye kochi. Saa kumi na moja naamka, skrini njano tupu! Umbali: 0, umbali: 0. pulseIn, amri ya Arduino inayopima muda wa mwangwi wa sensa, isiposikia mwangwi inarudisha sifuri, na kodi yangu mi mwenyewe nilivyoiandika sifuri maana yake maji yamegusa sensa, tenki limejaa, zima pampu. Nikapanda na tochi, sensa imelowa umande chepechepe, jua likipanda inakauka, ndo maana saa tatu inapona. Nimeweka JSN-SR04T ambayo haiogopi maji, na kwenye kodi sifuri sasa ni kosa, sio kipimo.

Ila rangi sio bure jamani. Pale juu ni baiti 9 za ziada kila mstari, kwa spidi ya kutuma ya 9600 zinapita kama baiti 960 kwa sekunde, kwa hiyo rangi peke yake inakula milisekunde 9 na kidogo, na bafa ya Uno, pale baiti zinaposubiri kutumwa, ni baiti 64, ikijaa programu nzima inasimama kusubiri. Kwa tenki sawa, kwa mota inayozunguka utalia. Ukipandisha mpaka 115200 inashuka chini ya milisekunde moja. Logi za kuandika kwenye memori kadi hizo usitie rangi kabisa, ukija kutafuta neno unakutana na takataka.

Siku hizi bodi inatuma herufi tu mbele ya mstari, E ya kosa, W ya onyo au I ya taarifa, rangi inapakwa na kaprogramu ka Python kwenye laptop. Na herufi siitoi hata rangi ikiwepo, maana mdogo wangu ndo anayebaki na mama, na yeye nyekundu na kijani anaziona kama rangi moja.