Nilivyofanya mabadiliko yangu yadumu kwenye fomu ya NetBeans
Nilichokitaka kilikuwa kidogo tu. Fomu yangu (dirisha la programu) ilikuwa na paneli ya kawaida, na msimbo uliozalishwa na NetBeans, zana ya kuandikia programu za Java, ulisema jPanel1 = new javax.swing.JPanel(), ilhali mimi nilihitaji klasi yangu mwenyewe, PaneliYaGrafu, inayojichorea grafu ndani ya paintComponent, mbinu ya kuchora kijisehemu. Mstari huo umo ndani ya initComponents, mbinu inayounda vijisehemu vya fomu, katika sehemu yenye rangi ya kijivu ambayo kihariri hakikuruhusu kuigusa, na juu yake pana onyo kwamba yaliyomo huandikwa upya kila mara.

Nilishauriwa kwa kujiamini kwingi nifungue faili la .java kwa kihariri kingine cha maandishi na kuubadilisha mstari huo. Ushauri huo ulifanya kazi, na hapo ndipo ulipo ubaya wake: programu iliwaka, grafu ikaonekana vizuri, nami nikaendelea na mambo mengine hadi niliposogeza kitufe kimoja kulia kidogo kwenye ukurasa wa Design, ambako fomu hupangwa kwa kipanya, na kuhifadhi. Grafu ilitoweka bila ujumbe wowote wa kosa, kwa kuwa paneli tupu ni msimbo halali kabisa. Mshauri mwingine akasema nifute faili la .form, ambamo NetBeans huhifadhi mpangilio wa fomu. Ni kweli kwamba baada ya hapo msimbo wote huharirika, lakini ukurasa wa Design nao huondoka, na sijui nani hutengeneza fomu yenye vijisehemu vingi kisha akaridhika kuipanga kwa kuandika namba.

Ufumbuzi niliupata kwa Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, na kwa hilo najisifu. Nilirudisha mstari wangu, nikaweka komiti (toleo lililohifadhiwa), nikasogeza kitufe kilekile, kisha nikalinganisha. Katika .form, ambalo ni XML, zilibadilika namba chache za mpangilio; katika .java, mstari wangu ulikuwa umerudishwa ulivyokuwa mwanzo. Nikatafuta jina PaneliYaGrafu ndani ya .form, nisilione popote. Basi chanzo ni .form, na .java ni zao lake tu. Kuhariri zao ni kazi bure.

Niliichagua paneli, nikaenda kwenye Properties, sehemu ya Code, na katika Custom Creation Code nikaandika new PaneliYaGrafu(), bila jina la kigeu wala nukta mkato, maana hivyo NetBeans huvitia yenyewe. Safari hii .form lilikuwa na mstari mpya wa AuxValue wenye jina la klasi yangu, na nikasogeza vitufe huku na huku kwa makusudi, grafu ikabaki palepale.

Kigeu chenyewe bado hutangazwa kuwa JPanel, kwa hiyo ili kuita wekaData, mbinu ya klasi yangu, ilinibidi kuandika ((PaneliYaGrafu) jPanel1).wekaData(orodha), na nimeuweka mstari huo kwenye konstrakta ya fomu (msimbo unaoendeshwa fomu inapoundwa), chini ya initComponents(), mahali ambapo kizalishi hakigusi. Asiyependa kubainisha aina namna hiyo anaweza kuiburuta klasi kutoka dirisha la Projects hadi kwenye fomu, mradi iwe imeshakompailiwa na iwe na konstrakta isiyodai vigezo. Mimi sikuipenda njia hiyo, kwani anayefungua mradi kabla ya kuukompaili hukuta fomu ikilalamika kwamba klasi haipakiki, na akikubali kuendelea kuhariri na kuhifadhi, anaweza kuipoteza paneli nzima.