Usiniambie Mwisho Wake

Tangu likizo ya Juni ianze, baraza ya nyumba ya kaka yangu hapa Magomeni, Dar es Salaam, imegeuka kuwa mahali pa vijana wa mtaa kubadilishana vitabu, na mimi, ambaye jioni huketi pembeni nikichambua mchele, nimepata nafasi ya kusikiliza jinsi kijana anavyomshawishi kijana mwenzake asome. Naandika leo kwa sababu namna yao ya kusifu kitabu haifanani na tuliyofundishwa darasani, wala na ile tunayoitumia sisi watu wazima.

Sisi huanza na faida. Tunamwambia mtoto kwamba kitabu fulani kitamfunza maadili, kitamwongezea msamiati, au kitamsaidia katika mtihani wa kidato cha nne, kisha tunashangaa anapokipokea kwa mikono miwili na kwenda kukiweka juu ya kabati. Vijana wa barazani hawana habari na faida. Swali lao la kwanza kwa anayesifia kitabu ni kama alikimaliza. Aliyeishia katikati huruhusiwa kusema, ila lazima ataje ukurasa alioishia na kilichomfanya akiweke chini. Kanuni hiyo, ambayo hakuna mtu mzima aliyeitunga, inawakinga na sifa za uongo kuliko mawaidha yetu yote, kwa kuwa aliyempa rafiki yake kitabu kibovu atakutana naye kesho yake kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi, na hapo atadaiwa maelezo.

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu, na siku ya kwanza aliposimama kueleza riwaya aliyoipenda, alianza kwa kusema kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa katika fani na maudhui, akataja dhamira kuu, ujumbe na falsafa, mpaka mwenzake mmoja akamkatiza: "Kwani sisi ndio tunaosahihisha mtihani?" Walicheka sana, naye akacheka, kisha akaanza upya kwa kueleza jinsi alivyosoma sura moja huku chakula kikiungua jikoni. Siwalaumu walimu. Darasa likiwa na wanafunzi wengi na nakala za kuhesabika, vijitabu vya uchambuzi ndivyo vinavyookoa jahazi, na mwanafunzi anaweza kujibu swali zima kuhusu riwaya ambayo hajawahi kuishika mkononi. Lakini lugha ya uchambuzi haina mahali pa kusema kwamba mhusika fulani ananikera kiasi cha kutaka kumzaba kofi, na nionavyo mimi, maneno ya namna hiyo ndiyo yanayomfanya mwenzako anyooshe mkono kuomba kitabu.

Juzi nilikichukua kimojawapo cha vitabu vyao na kukifungua nyuma. Ndani ya jalada wamebandika karatasi ya daftari yenye mistari, na kila aliyekisoma ameandika kwa kalamu yake. Wa kwanza ameandika kwamba kurasa za mwanzo zinachosha, lakini msomaji avumilie mpaka safari ianze. Chini yake, kwa mwandiko mdogo ulioegemea kushoto, mwingine amejibu kwamba yeye hakuchoka. Wa tatu amesema baba wa mhusika mkuu anafanana na mtu anayemjua, kisha akataja jina na kulikata kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Nimesoma maoni mengi ya wahakiki katika maisha yangu, na machache yamenifanya nitake kukisoma kitabu kama ule mchaniko ulivyonifanya.

Jambo jingine wanalolijua kuliko sisi ni kumpima msomaji kabla ya kukipima kitabu. Kuna mvulana wa kidato cha kwanza anayesoma polepole na kuona haya mbele ya wenzake. Binti mmoja alimpa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1951, na nilidhani amekosea, kwa maana Kiswahili chake ni kizito hata kwa mtu mzima. Yeye alikuwa ameona nisichokiona: kitabu ni chembamba, na sehemu yake kubwa ni mshitakiwa Karama akijitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita, mmoja mmoja. "Soma mjumbe mmoja kila jioni," alimwambia, "halafu uje unisimulie mimi." Mvulana yule amefika kwa mjumbe wa nne, na sasa yeye ndiye anayewatafuta watu wa kuwasimulia.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilizua mjadala mrefu zaidi. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971 na iliwahi kupigwa marufuku shuleni; kwa kijana wa miaka kumi na sita hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo. Nilisikia ikitangazwa kwa neno "ilikatazwa" kabla jina la mwandishi halijatajwa, nikaacha mchele wangu nisikilize. Nilikuwa tayari kuingilia kati, lakini wasichana wawili wakubwa waliamua kwamba wa kidato cha kwanza na cha pili wasubiri. Sababu yao haikuwa aibu. Walisema mdogo ataona tu mambo ya wavulana na pombe, na hataona jinsi ukali wa baba ulivyomlea binti asiyejua kujilinda. Sidhani kama ningeweza kulieleza vizuri zaidi.

Si kila wanachopendekezana kinanipendeza. Simulizi za simu, zile zinazotumwa kwa vipande katika makundi ya WhatsApp na kukatika kwenye "itaendelea" palepale mlango unapogongwa, zina wafuasi wengi kuliko riwaya zote zilizochapwa, na nyingine zimeandikwa kwa haraka inayoonekana. Hata hivyo sina ujasiri wa kuzibeza. Kizazi changu kilipitishiana riwaya za mpelelezi Willy Gamba, zilizoandikwa na Elvis Musiba, zikiwa zimepoteza majalada na kurasa za mwisho, tena chini ya dawati, na wengi wetu tulijifunza humo kusoma bila kuhesabu kurasa. Ninalolipinga ni kusambaza vitabu vizima vilivyopigwa picha bila idhini, na nimewaambia hivyo. Walinisikiliza kwa adabu, wakaniuliza bei ya nakala mpya, nami nikabaki bila jibu la kuwaridhisha.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kumsifia mwenzako kitabu asichoweza kukipata ni kumtesa, na katika jiji hili kitabu kipya hushindana na nauli. Kwa hiyo barazani hakisifiwi kitabu ambacho hakipo mkononi au hakijulikani kilipo, kama ni kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaovipanga chini kando ya barabara mjini, au ni Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Wanne kati yao wamekubaliana kwenda huko wiki ijayo, nami nimeombwa kuwasindikiza, kwa sababu, kama walivyoniambia bila kunificha, mtu mzima akiwepo hawataulizwa maswali mengi mlangoni.

Ugomvi ambao haujaisha ni wa miisho. Wengi wanashika kanuni kali kwamba anayesifia kitabu asifichue kinavyokwisha, na akiteleza anapigiwa kelele. Lakini yupo binti mmoja anayekataa kabisa kuanza riwaya yoyote kabla hajahakikishiwa kwamba mhusika mkuu hafi, akisema machozi ya nyumbani kwao yanamtosha. Wamebishana naye mpaka wakachoka, na sasa wamempa ruhusa ya kumvuta pembeni aliyekwisha kusoma, nyuma ya tangi la maji, akaambiwe huko kwa sauti ya chini, mradi akirudi asibadilishe uso.