Usiku Mmoja Ndani ya Liemba: Watoto Wetu Wapanda Meli kwa Mara ya Kwanza

Mama mkwe wangu anaishi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 2014, tulipoamua kumpelekea wajukuu wakati wa likizo ya Juni, njia nyepesi tuliyoiona kutoka Kigoma ilikuwa ya maji. Kwa nchi kavu ingetubidi kupanda garimoshi kurudi nyuma hadi Kaliua, kuunganisha safari ya Mpanda, kisha kutafuta gari la kushuka hadi ziwani. Kwa meli ya MV Liemba, wakati ule ulikuwa unapanda Kigoma Jumatano alasiri na kushuka Karema siku ya pili yake. Watoto walikuwa watatu, na hapa nitawaita kama tunavyowaita nyumbani: Dada, aliyekuwa na miaka saba; Kaka, miaka mitano; na Mdogo, miaka miwili, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amegundua kwamba miguu ni ya kukimbilia. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kulala kwenye chombo cha majini.

Mume wangu alizaliwa kando ya ziwa na hakuona jambo la kujadili. Mimi nimekulia Tabora, ambako maji mengi tuliyoyajua ni ya bwawa la Igombe, na mtu wa rika langu hakati tiketi ya meli bila kukumbuka Mei 1996, MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Baada ya hapo tukasikia ya Spice Islander mwaka 2011 na ya Skagit mwaka 2012, kule Zanzibar. Kwa hiyo wakati wenzangu wanapanga nguo, mimi nilikuwa nikizunguka Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini, kutafuta jaketi okozi za saizi ya mtoto, maana jaketi la mtu mzima likivaliwa na mtoto wa miaka miwili linapanda hadi masikioni na yeye anachomoka kwa chini. Nilipata tatu kwa jirani mwenye boti, nikawavalisha watoto sebuleni na kuwabeba kwa mabega ya jaketi kuona kama zitateleza. Kaka alilipenda lake papo hapo, akakataa kulivua wakati wa chakula cha jioni.

Tulichukua chumba cha daraja la pili chenye vitanda vinne, viwili chini na viwili juu, tukakubaliana kwamba Mdogo atalala nami upande wa ukutani. Mizigo niliigawa kwa namna ambayo bado naitumia: kapu moja la chakula, begi moja la nguo ambalo halifunguliwi mpaka mwisho wa safari, na mfuko mmoja mdogo wa usiku wenye poti ya mtoto, nepi, tochi, ndimu, tangawizi iliyopondwa, pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na kanga mbili. Mfuko huo mdogo ndio uliofanya kazi. Kapu la chakula nalo lilikuwa na uji kwenye chupa ya chai, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na, kwa makosa yangu mwenyewe, maandazi mengi kupita kiasi.

Bandari ya Kigoma iko chini kidogo tu ya stesheni ile ya Wajerumani ambako reli ya kati inaishia, kwa hiyo tulifika mapema na kukaa kivulini tukitazama shehena ikipakiwa. Nilidhani watoto watashangaa ukubwa wa meli au upana wa ziwa. Walichokiona ni winchi. Iliinua wavu uliojaa magunia, ikauzungusha angani juu ya vichwa vya wachukuzi, ikaushusha taratibu ndani ya tumbo la meli, kisha kulabu ikarudi tupu ikining'inia, na Kaka akaanza kunitangazia kila mzigo kabla haujapaa: gunia, gunia, godoro, madumu ya mawese, gunia. Alitangaza kwa muda mrefu sana bila kuomba maji wala kuuliza tunaondoka lini, jambo ambalo halijawahi kutokea katika safari yoyote ya basi niliyofanya naye.

Honi ya kuondoka ilipopigwa Mdogo alilia kwa hofu hadi sauti ikamkauka. Hilo sikuwa nimeliwazia. Ningelijua, ningemwingiza chumbani mapema na kumziba masikio. Alipotulia tulikuwa tayari tumeiacha ghuba ya Kigoma, nyumba za Ujiji zikionekana upande wa kushoto, na upande wa kulia jua likishukia milima ya Kongo. Tulipanda sitaha ya juu. Nikafunga ncha moja ya kanga kiunoni mwangu na ncha nyingine kifuani mwa Mdogo, chini ya makwapa, fundo juu ya fundo, kwa sababu reli za pembeni zilikuwa zimetengenezwa kumzuia mtu mzima, na mtoto wake angeweza kuzipita akiwa amesimama. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekalia dumu lake la mawese alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Mama, mtoto umemfunga kama mbuzi wa Idi." Nikaona haya, nikaanza kupapasa fundo. "Lakini usimfungue," akaongeza.

Giza lilikuwa likiingia tulipokaribia upande wa mdomo wa mto Malagarasi, na hapo mume wangu akaona ni wakati wa kuwapa watoto historia. Akawaeleza kwamba meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kutiwa katika masanduku kama 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa garimoshi hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Dada alipenda habari ya masanduku. Akataka kujua kama yaliandikwa namba. Laiti mume wangu angeishia hapo. Akaendelea kwamba Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka vitani, mafundi wake waliipaka injini grisi nzito ili isile kutu, kisha wakaizamisha wenyewe si mbali na pale tulipokuwa tukipita; kwamba Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kaka alikuwa kimya kwa muda.

"Kwa hiyo hii meli imeshazama?"

"Imezamishwa," baba yake akasema. "Ni tofauti. Walioizamisha walikuwa wanaipenda, hawakutaka wengine waichukue."

"Na nahodha wa leo, naye anaipenda?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, na mama wa mawese alicheka hadi akafuta machozi, lakini mtoto hakuwa anatania. Usiku ule alilala na jaketi lake okozi mwilini, kamba zote zimefungwa, akiwa ameinua kidevu kama mtu anayenyolewa ndevu. Sikumvua. Nilichofanya ni kumlaumu mume wangu kwa kunong'ona, naye akanijibu kwa kunong'ona kwamba historia ni historia. Bado naamini kuna historia ya kusimulia ukiwa ndani ya meli na historia ya kusimulia ukishafika nchi kavu.

Kabla ya kulala, lakini, walipata kitu kilichowatuliza. Hakukuwa na mwezi, na usiku wa giza ndio usiku wa wavuvi wa dagaa, kwa sababu taa zao huwavuta samaki pale tu ambapo mbalamwezi haishindani nazo. Ziwa zima mbele yetu lilikuwa limejaa taa, nyingine peke yake, nyingine kwa mistari, kana kwamba tunaelekea mji mkubwa usiofikika. Dada alianza kuzihesabu kwa kidole kwenye kioo cha dirisha, akapita mia moja, akachanganya, akaanza upya, na mara ya tatu sauti ikakatika katikati ya sabini.

Mimi sikulala sana. Injini ilitikisa kitanda kwa mtetemo mdogo usiokoma, na kwa watoto ule ulikuwa kama mgongo wa mama. Hakuna aliyegeuka hadi honi ya Lagosa. Ilikuwa usiku mkubwa. Nilimziba Mdogo masikio kwa viganja, safari hii nikawahi, lakini wale wawili waliruka, na badala ya kuwalazimisha kulala tuliwatoa nje wakiwa wamejifunga mashuka. Naweza kusema kwamba nusu saa ile ilitosha nauli yote.

Lagosa, ambako walishukia pia waliokwenda kutazama sokwe wa Mahale, meli haikufunga gatini. Ilisimama mbali kidogo na ufuko, ikamulika maji, na kutoka gizani zikatokea boti za mbao zikishindana kufika ubavuni mwake. Mlango uliokuwa ubavuni mwa meli, karibu na usawa wa maji, ulikuwa wazi, na kupitia hapo watu walikuwa wanashuka wakati huohuo wengine wanapanda: mtungi, baiskeli, kuku waliofungwa miguu wakibebwa kichwa chini, bibi kizee aliyevutwa mikono na vijana wawili huku akiwagombeza wote wawili. Godoro lililoviringishwa lilikosa boti likaangukia majini. Kijana mmoja alivua shati, akalikunja vizuri na kulikabidhi kwa mwenzake kana kwamba ana siku nzima, kisha akajitosa na kurudi akilisukuma godoro kwa kifua. Dada alipiga makofi. Kaka aliniuliza kama na sisi tutashuka hivyo, nikamwambia sijui, ingawa nilijua.

Kulipokucha milima ya Mahale ilikuwa imebaki nyuma yetu, na upepo wa kusi ulikuwa umeanza. Watu wasiolijua Tanganyika hudhani ziwa ni bwawa kubwa. Hili lina kina cha zaidi ya mita 1,400, ni refu kuliko umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na kusi likilikokota tangu Zambia linapata nafasi ya kutosha kujenga mawimbi. Meli ilianza kuinama mbele na kuinuka, polepole, kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Kosa langu lilikuwa kuwapa watoto maandazi na soda saa kumi na mbili asubuhi ili wanyamaze. Saa moja haikwisha, Kaka akaweka mkono tumboni, akanitazama kwa huzuni kubwa, na kunitapikia viatu vyote viwili.

Wa kutusaidia alikuwa tena mama wa mawese. Alitukataza kubaki chumbani, akasema mtoto asitazame sakafu wala maji bali milima, ambayo haitembei, akamkatia ndimu ya kunusa. Mimi nilimpa maji ya tangawizi kijiko kimoja kimoja, na nilipoona ametulia nikamchanganyia chumvichumvi. Kufikia saa nne alikuwa anaomba kiazi kitamu. Mdogo hakudhurika hata kidogo. Wimbi kwake lilikuwa mchezo, kwani sakafu ikiinama alikuwa anakimbia bila kutumia nguvu, mpaka kanga inamkaza na kumrudisha. Ya kituo cha Ikola nitayaruka, kwa kuwa wote watatu waliyalala, na mimi nikawafuata.

Karema ilipotokea, mume wangu aliwaonyesha misheni juu ya kilima. Wabelgiji walijenga kituo pale mwaka 1879 na Mapadri Weupe wakakipokea mwaka 1885. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomea utabibu na kuwatibu watu wa Karema tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Mama mkwe alizaliwa Atiman akiwa bado hai, na hulitaja jina lake kama la jirani. Safari hii hadithi haikuwa na chombo kilichozama, na Kaka aliisikiliza kwa amani.

Kisha tukasimama kwenye ule mlango wa ubavuni. Mume wangu alitangulia kuruka botini, baharia mmoja akasimama kizingitini, na utaratibu wake ulikuwa mfupi: "Mama, nipe mtoto mkononi, usimrushe." Dada akapita. Kaka akapita, jaketi na yote, macho ameyafumba. Zamu ya Mdogo ilipofika ndipo nilipokumbuka kanga. Mafundo niliyoyakaza kwa woga tangu jana yalikuwa yamelowa na kukauka mara kadhaa, na sasa hayakusikia kucha wala meno. Nyuma yangu foleni ilianza kulalamika. Hatimaye nilikinyonga kiuno na kuipitisha kanga kichwani kama gauni, nikamkabidhi baharia mtoto akiwa bado ana fundo lake kifuani, na wakati anashushwa mimi niliishika ncha ya pili kwa juu, nikiilegeza kidogokidogo, mpaka baba yake aliponipigia kelele kwamba ameshampata na niiachie.

Mama mkwe alikuwa ameingia majini hadi magotini kutupokea. Jioni ile, tulipokaa mkekani kula ugali kwa migebuka, Kaka alisimama ghafla, akaegemea nguzo ya kibaraza na kuangalia sakafu kwa mashaka.

"Bibi, nyumba yako inaondoka."

"Haiendi popote, mume wangu," bibi akamjibu bila kuinua uso, akiwa amempakata Mdogo na kuchokonoa fundo la kanga kwa uma. "Kaa ule. Na hilo jaketi livue, utaniaibisha kwa majirani."