Koo likiingia wiki ya tatu

Koo la mafua lina ratiba inayojulikana. Linaanza kwa kuwasha, siku ya pili au ya tatu hata mate yanamezwa kwa kukunja uso, kisha makamasi yanafunguka, na wiki haijaisha limeshatulia. Hilo linatoshwa na paracetamol, maji na mapumziko. Ninaloliandikia leo ni lile lisilofuata ratiba: dozi ya pili ya antibayotiki imekwisha, na bado kila ukimeza unahisi kama kuna mwiba wa samaki umenasa.

Hapo wengi hurudi duka la dawa kuomba kitu kikali zaidi. Antibayotiki inaua bakteria. Virusi, asidi ya tumbo, vumbi na moshi haiviwezi, na koo la muda mrefu mara nyingi lina mmoja wa hao. Kabla ya kununua chochote tena, chukua daftari na kwa siku saba andika mambo matatu: saa ambayo koo linauma zaidi, upande unaouma (kulia, kushoto au katikati), na ulichokula usiku uliotangulia pamoja na saa uliyolala.

Ukiona linauma asubuhi, sauti imekauka, unajikohoza mara kwa mara na kuhisi donge lisilomezeka wala kutemeka, fikiria asidi inayopanda kutoka tumboni ukiwa umelala. Wengi hulikataa hili kwa sababu hawana kiungulia. Lakini asidi inaweza kufika kooni bila kuunguza kifua, na ngozi laini ya koo haina kinga kama ya tumbo, kwa hiyo kidogo tu kinaiumiza. Ugali na maharage saa tatu usiku, kitandani saa nne: tumbo bado limejaa, nawe umelilaza.

Kula angalau masaa matatu kabla ya kulala. Inua kitanda upande wa kichwani sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka vipande vya mbao imara chini ya miguu yake. Kurundika mito hakusaidii, maana kunakukunja kiunoni na kulibana tumbo. Lalia ubavu wa kushoto. Punguza pilipili, vyakula vya mafuta mengi, kahawa, soda na pombe. Na hapa pana jambo linalonisikitisha: tangawizi na ndimu, dawa ya kwanza ya kila nyumba, inaweza kumzidishia maumivu mwenye tatizo hili, kwa kuwa ndimu nayo ni asidi. Jipe wiki sita hadi nane. Koo lililochubuka haliponi kwa siku tatu. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, humfaa zaidi mwenye kiungulia, na asiye nacho mara nyingi haoni tofauti.

Sasa simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, panua mdomo na useme "aaa". Kinachoning'inia katikati ni kimeo. Kando yake, kulia na kushoto, zimekaa tezi za koo, zile tunazoita tonsesi. Nyuma kabisa kuna ukuta. Ukuta huo ukiwa na vijinundu vyekundu kama punje za mtama, na kamasi linateremka juu yake, chanzo huenda kiko puani: mzio wa vumbi, au sainasi (uvimbe wa vishimo vya hewa kandokando ya pua). Mtu wa namna hii huamka mdomo mkavu kwa sababu pua imeziba.

Kwake, maji ya chumvi yanasaidia sana. Chemsha maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu, pima mililita 250 na utie nusu kijiko cha chai cha chumvi. Inama juu ya sinki, mdomo wazi, uingize mililita 10 hadi 20 kila tundu la pua kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maji ya bomba yasiyochemshwa usiyatumie, yanaweza kubeba vijidudu hatari. Ukimaliza usipenge kwa nguvu, utasukuma maji masikioni. Maji hayohayo yanafaa kusukutua koo.

Ukiona utando mweupe unaokwanguka, huenda ni fangasi. Anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi asukutue mdomo na kutema kila baada ya kuvuta. Asiyetumia dawa hiyo apime sukari na VVU. Wenye presha wanaotumia captopril, enalapril au lisinopril wajue kuwa dawa hizo huweza kuleta kikohozi kikavu kinachowasha koo kwa miezi. Usiiache mwenyewe, mwambie daktari akubadilishie. Na anayepika kwa kuni au mkaa ndani ya chumba kimoja ahamishie jiko nje kwa wiki mbili aone.

Bakteria nao wapo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15: homa ya zaidi ya nyuzi 38, tezi za shingo zinazouma zikiguswa, madoa ya usaha kwenye tonsesi, na hakuna kikohozi. Hapo penisilini ni ya lazima, vidonge vya siku 10 au sindano moja ya benzathine (penisilini inayokaa mwilini muda mrefu). Mtoto hupata nafuu siku ya tatu na vidonge vinawekwa kabatini. Hilo ndilo kosa, kwa maana bakteria wasipoisha, homa ya baridi yabisi huweza kuja wiki mbili hadi nne baadaye na kuharibu vali za moyo.

Kimeo kisikatwe. Kikivimba, kimevimbishwa na kilekile kinacholiumiza koo. Kukikata nyumbani kwa kisu kumeleta damu isiyokoma, pepopunda na vifo vya watoto, na kikohozi kikabaki palepale.

Usisubiri daftari lijae kama mtu hawezi kufungua mdomo vizuri, mate yanamdondoka, sauti imekuwa nzito kama ana kiazi cha moto mdomoni, au anapumua kwa shida. Huyo apelekwe hospitali sasa hivi, na mtoto wa hivyo usimwingizie kijiko mdomoni. Maumivu ya upande mmoja yaliyopita wiki tatu, sikio la upande huo likiuma, uvimbe shingoni, sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, chakula kukwama au uzito kupungua: muone daktari wa masikio, pua na koo. Ataingiza kamera nyembamba puani aone hadi nyuzi za sauti, kazi ya dakika chache. Kikohozi kikiwa kimepita wiki mbili, omba na kipimo cha makohozi, kwani kifua kikuu nacho huweza kukaa kooni.