Sumu nyingi za nyumbani tunaziwasha wenyewe kwa kiberiti

Kila nikigusia habari za sumu majumbani watu wananiuliza ninunue sabuni gani, filta gani ya maji, mafuta gani ya mtoto yasiyo na kemikali, na mimi nawaambia wekeni pochi pembeni kwanza. Kwa nyumba zetu hizi za hapa Tanga, Makorora, Mabawa, Ngamiani huko, sumu kubwa zimekaa kwenye vitu tunavyochoma ndani na vitu tunavyomimina kwenye chupa ambazo sio zake, na kuviacha vingi hakukugharimu hata mia.

Naanza na jiko la mkaa chumbani kwa mzazi maana hili linaniuma kuliko yote. Pwani yetu mwanamke akijifungua anakaa ndani arobaini, anakandwa, anafukizwa, na jiko linaingizwa humo humo asipigwe baridi, dirisha limezibwa na kanga, kichanga kipo kitandani. Wifi yangu alipojifungua nikaikuta hali hiyo hiyo, shangazi kakaa kwenye mkeka pembeni ya jiko anakunja nguo za mtoto, nikamwamkia nikamwomba jiko litoke uani. Akaniambia, "Mwanangu hili halina neno, limekolea kitambo, moshi wote umeishia nje."

Na hapo ndo penye hatari yenyewe, kwa sababu watu wanaogopa moshi wakati kinachoua hakina moshi. Mkaa ukishakolea ukawa mwekundu wote bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, haina harufu, haiwashi macho, na ikiingia kwenye damu inang'ang'ania hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, yaani damu inazunguka vizuri tu lakini hewa haifiki inakotakiwa. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, afu kwa mzazi dalili hizo zote watu wanasema ni uchovu wa uzazi. Ndo unasikia familia imelala na jiko haijaamka.

Sikubishana na shangazi kuhusu joto, mzazi anahitaji joto kweli na kukandwa kunampa nafuu. Tulichofanya maji yakawa yanachemshiwa uani, kukandwa kukaendelea kama desturi, na usiku chupa za maji ya moto zinaviringishwa kwenye kanga zinawekwa miguuni kwa mama, mbali na mtoto asije akaungua. Shangazi mwenyewe akaridhika, akasema mradi mgongo umepata moto basi.

Udi na ubani siwezi kuwaambia muache, nyumba ya Mtanga bila chetezo ni nyumba gani hiyo! Ila chetezo nacho ni mkaa na ni moshi, kwa hiyo nguo fukizeni uani, chumba fukizeni mtoto akiwa kwa bibi yake upande wa pili, madirisha wazi, msimrudishe mpaka hewa imebadilika.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kijani ya mviringo, hiyo ndo nimeifukuza kabisa chumbani. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2003, walipima moshi wake wakakuta koili moja ikiungua yote inatoa chembechembe ndogo zile zinazozama mapafuni sawa na za sigara 75 mpaka 137. Sasa hebu fikiria hizo zote kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, milango imefungwa, watoto wanne. Na msinielewe vibaya nikisema dawa mkadhani na chandarua nacho ni hatari, hapana, chandarua chenye dawa kibaki, malaria haina mchezo na hapo Muheza kwa miaka na miaka watafiti wamevipima vyandarua hivyo wakaona vinavyookoa watoto. Kikiwa kipya kitundike kivulini siku nzima kwanza ndo ukifunge kitandani.

Kuwashia mkaa kwa mifuko na chupa za plastiki jamani, kwanini? Mifuko imepigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini vile vifungashio vyepesi vimejaa kila duka na mwisho wake ni kwenye jiko, ule moshi mweusi unapanda usoni kwa dada anayepuliza huku kambeba mtoto mgongoni. Plastiki ikiungua inatoa kemikali mbaya, na baadhi ya aina zinatoa dayoksini, sumu ambazo zikiingia mwilini hazitoki leo wala kesho. Sisi tuko Tanga, vifuu na makumbi ya nazi yamelala tu uani, yawasheni hayo. Najua kuna mkakati wa nishati safi ya kupikia wa kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na Mungu atufikishe, ila leo mtungi wa gesi ukiisha tarehe 20 wengi wetu tunarudi kwenye mkaa, kwa hiyo lazima tuuongelee mkaa.

Na ile nailoni tunayofunikia wali ukipaliwa, mvuke unapiga kwenye plastiki unageuka matone unadondokea kwenye chakula. Jani la mgomba linafanya kazi ile ile na harufu yake ni nzuri zaidi.

Wanja kwa watoto wachanga, hili nalisema kwa heshima maana bibi zetu wametupaka kwa mapenzi. Shida ni kwamba baadhi ya wanja wa jiwe ni madini ya risasi hasa, galena wanaiita, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto, inagusa ubongo unaokua. Mtoto anajifuta macho, anaweka mkono mdomoni, mchezo umeisha. Kwa macho hauwezi kujua upi una risasi na upi hauna, ndo maana kwangu mimi mtoto hapakwi kabisa, na kama mnampaka kumkinga na husuda, tutamsomea dua.

Chooni msichanganye jiki na ile dawa ya choo yenye asidi, inatoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu vidogo utakohoa mpaka ukimbie. Moja leo, suuza kwa maji mengi, nyingine siku nyingine.

Yule kijana anayepita na spika, "dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto", kichupa chake hakina lebo, hujui ni sumu ya shambani au nini, unaipuliza kwenye godoro usiku unalaza watoto juu yake. Kunguni wanakufa kwa maji yanayochemka, mwagia chaga zote na kona za kitanda, mashuka na vyandarua vya kawaida fua kwa maji ya moto, godoro litoe juani ligeuzwe, na rudia tena wiki ijayo maana mayai yanabaki. Inachosha lakini ni salama.

Mwisho mafuta ya taa. Yasikae kwenye chupa ya maji wala ya soda, hata kwa nusu saa, mtoto mwenye kiu hasomi. Yatafutieni kidumu chake chenye mfuniko mgumu, juu, kwenye kabati linalofungwa. Na ikitokea kayanywa, msimtapishe, wala msimjaze maziwa mpaka atapike, kwa sababu yakipanda tena yanaingia mapafuni na hapo ndo yanapoharibu. Mvueni nguo zilizolowa, pandeni bodaboda mkimbize hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha karibu, na mbebe na ile chupa daktari aione.