Kumtuma mtoto si kumkabidhi kazi

Jumamosi ya Agosti, saa moja asubuhi. Upepo bado haujaamka, na ukipita mitaa ya Nkuhungu au Chang'ombe, hapa Dodoma, unasikia fagio zikikwaruza karibu kila uwanja. Ni saa ya watoto hii. Ukisikiliza vizuri utasikia pia jina la mtoto mmoja likiitwa mara kumi kabla ya chai. Lete kopo. Peleka hiki kwa shangazi yako. Kimbia dukani. Mshike mdogo wako. Ikifika jioni mtoto yuko hoi, na ukimuuliza leo kafanya kazi gani, hana hata moja ya kukutajia. Katumwa tu.

Kutumwa ni sehemu ya malezi yetu na siipingi. Ila kutumwa hakumfundishi mtoto kazi. Kazi ina mwanzo, ina mwisho, na ina mahali pa kurudishia vifaa. Mtoto wa miaka 7 aliyekabidhiwa jambo moja, akajua ndilo lake kila siku, hujifunza zaidi ya yule anayezunguka na maagizo ishirini.

Nianze na maji, maana hapa kwetu mgao hauishi na madumu yako kila nyumba. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtoto wa miaka 7 ana kilo 20 na ushee. Maana yake ukimtwisha dumu la lita 20 umemtwisha mtu wa uzito wake, na shingo yake bado laini. Mimi ningempa dumu la lita 3, lile la mafuta ya kula, kila mkono moja, kwa umbali wa kutoka kwenye bomba la uani hadi jikoni. Akifika miaka 10, lita 5 kila mkono. Kumi za kichwani zisubiri hadi miaka 13 au 14. Madumu mawili madogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu mwili haulali upande. Mtazame akitembea: bega likishuka, au akitua kabla ya hatua kumi, mzigo umemzidi, hata kama yeye anasema anaweza. Watoto husema wanaweza.

Na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea, kazi ya maji haijaisha mpaka kila ndoo imefunikwa. Ndoo yenye maji nusu inatosha kumzamisha mtoto wa mwaka mmoja. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake mdogo, akitumbukia hawezi kujinyanyua, na wala hapigi kelele.

Kufagia uwanja kunamfaa mtoto wa miaka 6 kwenda mbele, ila afundishwe kunyunyiza kwanza. Vumbi la Dodoma ni jepesi, likitimka linarudi ndani ya nyumba na kifuani mwake. Lita 2 za maji yaliyofulia, kwenye kopo lililotobolewa matundu chini, zinatosha uwanja wa kawaida. Asubiri dakika chache udongo unywe. Maji yakizidi fagio linabeba tope, yakipungua ni kama hakunyunyiza. Aanzie ukutani, aende upepo unakokwenda. Ufagio wa mti mrefu uukate ufike kwapani pake. Wengi tunawasema watoto kwamba wanafagia ovyo, kumbe wanapigana na mti uliowazidi kimo. Takataka azikusanye, moto wa kuzichoma auwashe mtu mzima.

Vyombo ndiyo kazi ninayoona inafundishwa vibaya kuliko zote. Mtoto wa miaka 8 anasukumiwa beseni lenye kila kitu ndani yake, glasi chini, sufuria ya ugali juu, anaambiwa osha. Lazima avunje, na lazima maji yaishe. Mpange hivi: kwa chakula cha watu watano au sita, beseni la sabuni lenye lita 5, la kusuuza lita 5, na lita 2 pembeni za kusuuzia mara ya mwisho vikombe na glasi. Sabuni ya unga kijiko kimoja cha chakula, si kiganja. Sabuni ikizidi ndipo maji ya kusuuza yanapoisha na chai ya kesho inanuka sabuni.

Kabla ya kugusa beseni, mabaki yote yakwanguliwe, na bakuli za mlenda zipitishiwe maji kidogo peke yake. Mlenda ukiingia kwenye beseni maji yote yanateleza, na sahani inateleza mkononi mwa mtoto. Kisha glasi na vikombe, vijiko, sahani, bakuli, mwisho kabisa sufuria. Sufuria ya ugali yeye asiikwangue kwa kisu. Ijazwe maji mara tu ugali unapopakuliwa, baada ya nusu saa na zaidi ukoko unabanduka wenyewe. Masizi ya nje yanatoka kwa jivu na mchanga laini, na mpishi anaweza kumsaidia kwa kupaka sabuni nje ya sufuria kabla ya kuiteleka kwenye kuni. Visu asiviache ndani ya povu. Vikae pembeni, avioshe kimoja kimoja. Akimaliza, vyombo vilale kichwa chini kichanjani, mabeseni yasuuzwe, na maji ya mwisho yapelekwe kwenye mpapai.

Akikosea, usioshe upya mbele yake wala nyuma yake. Mwite, mpe sahani moja tu aguse kwa kidole chake mwenyewe mafuta yaliyobaki. Arudie hiyo moja. Ukiosha upya zote umemwambia kwamba kazi haikuwa yake.

Kuna kazi ya mikono midogo ambayo kanda yetu hii inapaswa kuichukulia kwa uzito mkubwa: kumenya na kuchagua karanga. Mtoto wa miaka 6 anaiweza vizuri kabisa. Chini ya miaka 4 hapana, punje huishia puani au kooni. Mkalishe mchana, penye mwanga, na ungo na bakuli mbili. Nusu kilo yenye maganda inamtosha kwa mkao mmoja. Mwonyeshe punje nzuri: imejaa, ngozi imenyooka, ndani nyeupe. Halafu mwonyeshe mbaya moja moja, azishike: iliyosinyaa, iliyotobolewa na mdudu, iliyoanza kuota, yenye ukungu wa kijani, wa njano au mweusi. Iliyomtia shaka iende kwenye bakuli la mbaya. Asimenye kwa meno, na asiloweshe maganda ili yalainike. Watoto wanapenda kulowesha, hata wakubwa, na unyevu huo ndio unaoleta ukungu.

Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi na karanga ndiyo mazao inayoyapenda. Kukaanga hakuiondoi, kutwanga hakuiondoi. Kwa hiyo lile bakuli la mbaya lisitwangwe kwa ajili ya mboga wala kumwagiwa kuku. Lifukiwe. Ukungu mwingine hauonekani kwa macho, kwa hiyo kuchagua hakumalizi yote, lakini kunapunguza sana. Kabla ya kutwanga pitia bakuli la nzuri mbele ya mtoto, ukikuta mbovu mwonyeshe bila kumkaripia. Na mweleze sababu. Mtoto wa miaka 6 anaelewa ukimwambia, "Mwanangu, hii inaumiza ini."

Nguo ni rahisi: soksi na nguo zake za ndani aanze kufua akiwa na miaka 7, shati la shule miaka 10, akiloweka dakika 20 na kusugua kola kwanza. Moto usubiri. Jiko la mkaa na mtungi wa gesi ni vya miaka 12 na kuendelea, mtu mzima akiwa karibu, bila khanga inayoburuta. Kwenye gesi ya kuwasha kwa kiberiti, njiti iwake kwanza ndipo afungue, si kinyume chake. Akisikia harufu, afunge, afungue mlango, asiwashe chochote. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba cha kulala, hata Juni na Julai baridi ikikaza.

Haya yote ni ya wavulana na wasichana. Naona nyumba ambamo dada wa miaka 9 anaosha sahani ya kaka wa miaka 13, na inaniuma.

Linaniuma zaidi la binti wa ndugu aliyechukuliwa kijijini, Bahi au Kongwa, akaletwa mjini "kusaidia kazi". Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja mtoto kuwa na wajibu kwa familia yake, lakini ajira, hata ya kazi nyepesi, imeiwekea umri wa miaka 14. Binti huyo akiwa na miaka 11, ratiba yake iwe ile ile ya mtoto wako wa miaka 11: madumu yale yale, zamu zile zile za vyombo, na saa ya daftari ile ile. Ratiba iandikwe Jumapili jioni kwenye karatasi moja, ibandikwe mlangoni jikoni, na jina lake liwemo mara sawasawa na ya wengine. Hesabuni pamoja naye.