Mdiria, Mwewe na Lenzi Zangu Mbili

Mwaka 2019 nilikuwa na kamera ya mtumba, Nikon D7000, na lenzi fupi iliyokuja nayo. Naishi Mwanza. Ukitembea nusu saa kando ya ziwa utaona mdiria, yangeyange, mnandi, na mwewe wasiohesabika, na ukibahatika furukombe pia. Kwa lenzi yangu fupi wote hao walitoka nukta. Nilihitaji lenzi ndefu, ya milimita 300 au zaidi, na fedha niliyokuwa nayo ilikuwa laki tatu.

Kwa laki tatu sikupata lenzi ya kujifokasi ya urefu huo ambayo ningeiamini. Zilizopatikana ni za enzi za filamu, za kuzungusha pete kwa mkono. Ya kwanza niliyoletewa ilitoka pwani, nje inang'aa kama mpya. Nikaipeleka kwa fundi kabla ya kulipa. Aliwasha tochi ya simu, akaiweka nyuma ya lenzi, akanionyesha kupitia mbele.

"Mdogo wangu, unaziona hizo nyuzi kama za buibui? Hiyo ni kuvu. Unyevu wa pwani huo. Ikishakula rangi ya kioo hata nikiisafisha alama inabaki."

Nikairudisha. Tangu siku hiyo sinunui lenzi nzee bila tochi, na zangu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Ya pili ilikuwa safi: Nikkor 300mm f/4.5 ED-IF. Karibu kilo moja, pete yake laini inazunguka kama imepakwa siagi. Hapa niseme jambo ambalo wengi hulijua baada ya kununua. Nikon wametumia mdomo ule ule wa kufungia lenzi tangu 1959 kwenye kamera zao zenye kioo cha kupinduka ndani, lakini si kila kamera inazielewa lenzi za zamani. D7000 ina kijimeno pembeni ya mdomo kinachosoma pete ya tundu la lenzi, yaani tundu linalopitisha mwanga, hivyo inapima mwanga vizuri. Unaingiza tu urefu wa lenzi, 300, na namba ya tundu lake, 4.5, kwenye menyu. Zile ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 zinaivaa lenzi hiyo hiyo lakini kipimo cha mwanga kinakufa, unabaki kukisia. Wenye Canon nao wanajua kwamba lenzi zao za zamani, za FD, hazifokasi mbali kwenye kamera za EOS zenye kioo cha kupinduka bila adapta yenye kipande cha lenzi ndani, na kipande hicho kinapunguza ubora. Kamera mpya zisizo na kioo cha kupinduka ndizo zimerahisisha mambo: adapta ya kawaida inatosha, na skrini inakuza picha ili uone fokasi kwa jicho lako.

Wiki mbili za mwanzo picha zangu zote za mbali zilikosa ukali, nikaamini nimeuziwa lenzi mbovu. Kumbe kosa lilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nazungusha pete mpaka inagota, nikidhani pale ndipo mbali kabisa. Lenzi ndefu za vioo vya ED, vioo maalumu vya kuzuia rangi kuvuja pembeni mwa picha, zimeachiwa nafasi ya kupita kidogo alama ya mbali, kwa sababu joto hubadilisha vipimo vya ndani. Ukigotesha, umeshapitiliza.

Baadaye nikapiga hesabu iliyonifungua macho. Kwa lenzi hiyo kwenye kamera yangu, tundu likiwa wazi kwenye f/4.5 na ndege akiwa mita 10, sehemu inayotoka kali ina kina cha kama sentimita 20 tu. Mdiria mweusi na mweupe mwenyewe ana urefu wa sentimita 25 hivi. Mkono ukikosea kidogo, unapata mkia mkali na jicho lenye ukungu.

Lakini ni mdiria huyo huyo aliyenifundisha kuitumia. Akitafuta samaki husimama hewani, mabawa yanapiga haraka hata huyaoni, kichwa kimetulia tuli, mdomo umeelekea chini. Halafu anadondoka kama jiwe. Karibu na Kirumba kulikuwa na mti wavuvi walikofungia mitumbwi, na akishapata samaki alirudi kutua pale, akimpigapiga samaki kwenye mti kabla ya kummeza. Mzee mmoja mvuvi aliyeniona nikihangaika jua limeshapanda aliniambia, "Mwanangu, njoo saa kumi na mbili na nusu. Akishashiba hana haja na wewe."

Nikaenda mapema. Nikaweka fokasi kwenye ule mti, nikabandika kipande cha tepu kwenye pete na kuchora mstari wa kalamu. Alipotua, nilikuwa tayari. Alipokuwa hewani usawa wa mti, sikugusa pete kabisa. Niliyumba mwili mbele na nyuma taratibu huku nikibonyeza. Ile nukta ya kijani kwenye kitundu cha kuchungulia, inayowaka fokasi ikikaa sawa, inasaidia, lakini kwa ndege anayesogea inachelewa. Nilipata picha ninazozipenda mpaka leo, kila manyoya ya shingoni yanahesabika.

Mwewe ndiye aliyenishinda. Pale mwaloni Kirumba, wavuvi wanaposhushia samaki, dagaa wanaanikwa, na mwewe wanashuka kuwadokoa. Huwezi kujua atatoka wapi wala atashuka wapi. Tuseme anakuja kukuelekea kwa mita 10 kwa sekunde: zile sentimita 20 anazivuka kwa moja ya hamsini ya sekunde. Hakuna kidole kinachozungusha pete kwa kasi hiyo. Kati ya picha kumi nilipata moja, na hiyo moja ilikuwa bahati. Nikaanza kuota mwewe usiku.

Mwaka 2021 nikanunua AF-S 300mm f/4D iliyotumika, milioni moja na laki mbili, akiba ya zaidi ya mwaka. Nzito zaidi, karibu kilo moja na nusu. Haina kituliza mtikisiko, na kwa mwewe bado naweka kasi ya shata 1/2000 ya sekunde. Siku ya kwanza mwaloni nilirudi na picha sita kali katika kila kumi. Nilikaa kwenye ngazi za nyumbani nikizitazama mpaka betri ikaisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue ipi, namuuliza kwanza: unajua mnyama wako atakuwa wapi kabla hajafika? Kiota, tawi la kutua, mdomo wa shimo, mwezi unaochomoza: lenzi ya mkono inatosha, na fedha iliyobaki nunua stendi imara. Kama unakimbizana na kitu, mpira wa miguu ukiwemo, subiri uweke akiba ya kujifokasi, usijitese. Ningekuwa na milioni moja mwaka 2019 ningeanza na ya kujifokasi, lakini naamini nisingekaa saa nzima nikimtazama mdiria mmoja mpaka nikajua zamu zake.

Na ile mpya ina mahali inaposhindwa. Kwera wakifuma viota ndani ya mafunjo, mota ya fokasi inashika bua la mbele, inaliacha, inahangaika mbele na nyuma. Hapo nazungusha pete mwenyewe, na vidole vinakumbuka.

Ule mti wa mdiria uliondoka maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2020. Mwaka huu nimempata mwingine, anatua kwenye kamba ya mtumbwi hatua chache kutoka ufukweni. Juzi nimeitoa lenzi nzee kwenye ndoo, nimebandua tepu ya zamani, nimebandika mpya.